Nilivyolisusa Sinia la Watu kule Sib

Nilikwenda Maskati kwa sababu mbili: skuli yetu ya Rotterdam inabadilishana wanafunzi na skuli moja ya huko, na baridi ilikuwa imenichosha. Nikisema kweli, baridi ndiyo iliyotangulia. Siku mwalimu wetu Joost aliposimama mbele ya darasa akauliza nani anataka kwenda Oman, nje mvua ya barafu inapiga madirisha, mkono wangu ulishapanda juu kabla hajafunga mdomo. Angesema tunakwenda kufagia mchanga wa jangwani ningekwenda vilevile, na fagio ningenunua mwenyewe.

Nyinyi mliobaki Jang'ombe mnanijua. Mie Mholanzi wa pasi tu. Nilimaliza skuli ya msingi hapo hapo kwetu, ndipo mama akanivuta nikakae naye Rotterdam, ambako anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Pasi yangu ni ya Uholanzi, lakini makovu ya magotini yote ya Jang'ombe. Basi hii ni safari ya Mholanzi, na msicheke.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: sisi tunakwenda kwao wiki mbili, tunalala kwenye nyumba zao na tunasoma nao, mwezi wa tano wao wanakuja kwetu. Mie nilipangiwa kwa msichana wa Azaiba, huko huko Maskati, anayeitwa Thuraya. Tulianza kuandikiana kwenye simu mapema. Siku ya mwanzo Kiingereza, kwa adabu kubwa, kama mabalozi. Siku ya pili akaniuliza kwa nini naitwa Saada. Nikamwambia. Mara ukaingia ujumbe wa sauti: "Wee! Weye wa Unguja? Bibi yangu kazaliwa Malindi, hapo hapo Unguja!" Na akacheka cheko moja la kukwaruza, nikajua hapa nimepata mwenzangu.

Thuraya alikuwa na jambo lake. Hiyo safari ya kuja kwetu alikuwa anaitaka kama mtu anavyotaka maji. Baba yake kamwambia, "Mie sina neno, muulize Bibi." Mama yake kamwambia, "Mie sina neno, muulize Bibi." Na Bibi kasema, "Mlete kwanza huyo Mholanzi nimuone. Nikiona watu wao ni watu, utakwenda. Nikiona siwo, utakwenda Salala, huko kusini, na mama yako." Na kwetu mie chumba ni kimoja, mama usiku hayupo, kwa hivyo ilipangwa Thuraya akija alale kwa kina Sanne, rafiki yangu wa darasani. Sanne ni Mholanzi kweli kweli, si wa pasi.

Tukakubaliana Bibi asiambiwe mie ni nani. Mzaha tu. Thuraya alisema bibi yake hajashtuliwa siku nyingi, na daktari hajamkataza.

Kwenye ndege nilikaa na Sanne. Sanne ni mrefu mpaka magoti yake yalikuwa yanazungumza na mtu wa kiti cha mbele. Ndege haijakaa sawa hewani, akatoa kisanduku chake cha mikate ya jibini, akala mkate wake, akafunga kisanduku, akakirudisha kwenye begi. Hakusema hata "karibu". Zamani ningenuna. Sasa hivi nami nna kisanduku changu.

Hapa lazima nikupeni kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonitia matatani Sib. Mwaka wangu wa mwanzo Uholanzi nilikwenda kucheza kwa kina Sanne. Jioni harufu ya vitunguu ikaingia sebuleni, mama yake akachungulia mlangoni, uso mkunjufu, akasema, "Saada, sasa sisi tunakula." Mie nikashukuru, nikanyanyuka, nikenda kunawa mikono. Kurudi, naona mezani sahani za baba, mama, Sanne na kaka yake. Yangu niliitafuta kwa macho mpaka chini ya meza. Mama Sanne alikuwa amesimama mlangoni, kanishikia koti langu. Nikatembea mpaka nyumbani na mikono misafi kabisa.

Tangu siku ile nimefundishika. Chakula kikija kwenye nyumba ya watu, mgeni ananyanyuka, anaaga, anakwenda zake. Nimefundishika mpaka miguu inanyanyuka peke yake, haina haja ya kuniuliza.

Maskati tulitua magharibi. Nje ya mlango wa kutokea alikuwa amesimama Thuraya, na pembeni yake bibi mfupi, mnene, kavaa baibui jeusi na kashika shada la maua kubwa kuliko kichwa chake. Bibi hakungoja. Alimuona Sanne na nywele zake za manjano, akamvamia, akamkumbatia kiunoni kwa sababu juu zaidi hakufika. "Welkam! Welkam!" Sanne wa watu kainama, anacheka, hajui kinachoendelea. Bibi akamgeukia Thuraya, akasema kwa Kiswahili, "Mrefu huyu, maskini. Kitanda hakimtoshi, itabidi tumtilie kiti miguuni."

Mie nyuma yake nikasema, "Huyo wa watu wengine, Bibi. Wako mie. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. Halafu akageuka. "Nani kasema?"

"Mie."

"Weye ndo Mholanzi?"

"Ndo mie."

"Mholanzi wa wapi?"

"Wa Jang'ombe."

Bibi alimtazama Thuraya, Thuraya keshajikunja kwa kucheka. Akampiga na yale maua. "Mtoto mjinga weye! Na mbatata zangu?"

Azaiba nikaelewa habari za mbatata. Bibi alikuwa ameambiwa Waholanzi hawali kitu ila mbatata za kuchemsha, akanunua gunia zima, akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni. Alinunua na jibini, na uma mpya, na sanduku la nafaka za maziwa lenye picha ya simba. Usiku ule tulikula mandazi na maharage ya nazi, na Bibi kila akipita jikoni akilitazama lile gunia, anavuta pumzi.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Asubuhi mama yake Thuraya, Bi Salma, anatupeleka skuli na gari kabla ya kwenda kazini kwake wizarani, njia nzima anapiga simu kwa Kiarabu, anatugombeza kwa Kiswahili na anawatukana madereva kwa Kiingereza. Huko watu hawatembei. Niliomba siku moja nende dukani kwa miguu, duka naliona kwa macho, Bi Salma akaniuliza kama kuna mtu kaniudhi. Skuli, wasichana walinizunguka wakitaka nizungumze Kiholanzi. Nikawasomea maneno ya nyuma ya dawa ya meno, wakanipigia makofi.

Na Bibi alinipenda. Akinikalisha jikoni namwambia Unguja ya sasa ikoje, yeye ananiambia ya zamani, na katikati tunakuna nazi. "Huyu mwetu," alikuwa anawaambia majirani. Thuraya kila akisikia hivyo ananikonyeza. Safari yake ilikuwa keshaitia mkobani.

Jumamosi tukenda Sib. Bibi alitaka samaki, na samaki wa dukani hamuamini. Tulisimama pwani, pale gari za wavuvi zinapopanda mpaka mchangani, Bibi akawa anafunua mashavu ya nguru mmoja mmoja kama daktari wa skuli. Alipompata aliyemridhisha akasema, "Tumpitie Zamzam, tumpe salamu tu."

Zamzam ni binti yake, shangazi yake Thuraya, anakaa karibu na soko. Hakupigiwa simu wala hakuambiwa. Sisi hao tumeshavua viatu, tumeshakaa kwenye zulia, kahawa, tende, halwa, habari za huku, habari za huko. Shangazi Zamzam ni mwembamba, ana maneno ya haraka, kila baada ya sentensi anakushika mkono ili usikimbie. Mara nikasikia harufu ya wali inakuja. Halafu nikaona mlango wa jikoni unafunguka, sinia linatoka, limebebwa na Shangazi mwenyewe.

"Haya," akasema, "chakula."

Na miguu yangu ikanyanyuka.

Wallahi sikuituma. Nilijisikia tu nasema, kwa sauti nzuri ya balozi, "Akhsanteni sana, mie nakungojeni nje." Nikatoka, nikavaa viatu, nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni na paka wawili. Na kilichonichekesha baadaye ni kwamba nilikuwa najiona. Nilijiona mtoto mwenye adabu kupita wote Sib nzima. Watu hawakujua kama tunakuja, chakula wamekipikia nafsi zao, nami nimewaachia. Nilikuwa nangoja kusifiwa.

Ndani nikasikia sinia linawekwa chini. Halafu nikaisikia sauti ya Shangazi Zamzam, ndogo kama ya mtu aliyekanyagwa: "Kasusa."

"Nani kasusa?" Hiyo ya Bibi.

"Mgeni wenu. Kaliona sinia, kasusa. Nimemkosea nini, jamani? Ile halwa ilikuwa ya juzi, kaijua?"

"Thuraya, umemwambia nini mwenzio?"

"Mie? Sijasema kitu!"

Kutoka chumba cha wanaume sauti nzito ya mume wake Shangazi, mtu ambaye hata uso wake sijauona, ikauliza kuna nini. Akajibiwa: mtoto wa Kiholanzi kasusa. "Lahaula," sauti ikasema, na televisheni ikazimwa. Nikajua hapa si pa kusifiwa.

Shangazi akatoka, kanishika mkono. Macho yamemjaa machozi. "Mwanangu, kama kuna mtu kakuudhi katika nyumba hii, sema. Usitoke kwangu na njaa, utaniua." Nyuma yake Bibi. Akajishusha pale kwenye ngazi, paka mmoja akampisha.

"Chakula kibaya?"

"Si kibaya, Bibi."

"Kuna aliyekuudhi?"

"Hakuna."

"Sasa unafanya nini hapa na mapaka?"

Nikamwambia. Kwetu Uholanzi, nikasema, chakula kikija, mgeni hutoka. Nikarudishwa ndani, nikakalishwa mbele ya sinia, Shangazi kanishikilia kama mwizi, na wote wananitazama wanataka kujua habari hii nimeifundishwa na nani. Sasa nyinyi mnaujua mdomo wangu. Badala ya kula na kunyamaza, nikawatolea kisa cha mama Sanne, chote, kwa vitendo: harufu ya vitunguu, mikono inavyonawa, sahani zilivyo mezani, koti lilivyoshikwa. Shangazi Zamzam alicheka mpaka akalala ubavu. Kule kwa wanaume nako nilisikia mtu anakohoa wali.

Bibi hakucheka.

"Huyo mama Sanne," akasema, "ndo yule Thuraya anakwenda kulala kwake?"

Kidole cha Thuraya kilikuwa kimeshaingia kwenye mbavu zangu, lakini kilichelewa.

"Ndo huyo," nikasema.

Bibi akachambua mwiba, akauweka pembeni ya sinia, polepole. "Salala kuzuri," akasema. "Kuna minazi."

 Njiani kurudi Azaiba gari zima lilinuka samaki. Tulipofika chumbani, Thuraya akafunga mlango, akanigeukia. Sikuwahi kumuona hacheki.

"Umeniponza, Saada."

"Nilikuwa nawachekesha."

"Umewachekesha. Hongera. Mie nnakwenda Salala na mama yangu, tutazame minazi." Akajitupa kitandani, akanipa mgongo. "Bibi akishasema, baba hasemi tena. Umeshamfundisha kuwa wajukuu wa watu huko wanatolewa nje na njaa. Mfundue sasa."

Nikajaribu kumfundua. Jumapili baada ya skuli nilimkuta Bibi jikoni anamenya zile mbatata, maana keshakata shauri ziliwe kwa njia yoyote, nikachukua kisu nikakaa. Nikaanza kuwasifia Waholanzi. Thuraya alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Wakarimu, Bibi. Ukenda kwao wanakupa chai."

"Ehe."

"Na biskuti."

"Ehe, vizuri."

"Moja."

Kisu cha Bibi kikasimama. "Moja kila mtu?"

"Moja. Halafu mkebe unafungwa." Siwezi kumdanganya Bibi, ukimdanganya anakuangalia mpaka unaanza kusahihisha mwenyewe. "Lakini wanapenda sana wazee wao!"

"Wanakwenda kuwaona?"

"Sana. Wanapiga simu kwanza."

"Kuuliza mama kaamkaje?"

"Kuuliza kama ana nafasi."

"Mtoto amuombe mama yake nafasi?" Bibi akalitazama gunia la mbatata kama linalohusika. Thuraya mlangoni keshafumba macho. Nikaona nikiendelea kuwasifia Waholanzi, Thuraya hata Salala haendi.

Ndipo nikafikiri: mie ni Mholanzi wa kughushi, ndiyo maana nimeharibu. Aletwe wa kweli. Nikamwambia Bibi, "Ijumaa tumwite Sanne aje kula. Umuone mwenyewe." Bibi akafikiri. "Mlete," akasema. "Mtoto hana kosa. Huenda hata ana njaa."

Sanne alikuwa anakaa Qurum, kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea. Skuli nilimbana pembeni nikampa darasa: chakula kikija usinyanyuke, hata miguu ikikuuma. Ukiambiwa kula, kula. Ukisema umeshiba mara ya kwanza hakuna atakayekuamini. Sanne alikuwa ananisikiliza kama anayefundishwa kuendesha ndege. Mwisho akauliza, "Saa ngapi?"

"Baada ya sala ya Ijumaa."

"Hiyo ni saa ngapi kamili?"

Nikataja saa yoyote, ili anyamaze.

Ijumaa, saa ile ile niliyoitaja, kengele ya mlango ikalia. Wanaume bado wako msikitini, Bi Salma yuko bafuni, Bibi kajifunga kanga mbili jikoni na unga mpaka kwenye nyusi. "Nani huyu asiyekuwa na saa?" akauliza. Alikuwa Sanne, na chupa ya mafuta ya zeituni mkononi, na saa anayo sana. Badala ya kukaa sebuleni akanyoosha shingo jikoni akauliza kwa ishara, nisaidie? Bibi akamuonesha beseni la mbatata zilizopondwa za katlesi. Sanne akanawa, akakaa kwenye kibao cha chini, magoti yake yamefika masikioni, akaanza kuviringa. Kila katlesi aliyoiviringa ililingana na mwenzake, duara moja, unene mmoja, zimepangwa safu kwenye trei kama askari.

Bibi alizitazama. "Hizi mtu kaviringa au mashine?" Lakini uso wake ulishaanza kulegea.

Sinia lilipokuja Sanne alinitazama mie, akauma meno, akabaki amekaa. Hata aliposhindwa kukunja miguu na kidole chake cha gumba kikafika kwenye kachumbari ya mwenziwe, hakunyanyuka. Alikula kwa mkono, wali unamkimbia, anaukamata. Na Bibi akaanza kazi yake: anachambua samaki, mnofu mzuri anausukuma mbele ya Sanne, mwiba anauweka kwake.

Sanne akaninong'oneza kwa Kiholanzi, "Kwa nini ananipa wa kwake?"

"Ndiyo kupendwa huko. Kula."

Akala. Akaletewa mwingine. Akala. Mwisho alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Thuraya alikuwa hali, anamtazama Bibi tu, anatafuta kitu kwenye uso wake.

Bibi akanawa. "Mpigie mama yake," akasema.

"Nani?"

"Mama wa huyu. Mpige kwa picha. Nnataka kumuuliza kitu."

 Sanne akapiga, na mama Sanne akatokea kwenye simu, yuko jikoni kwake Rotterdam, miwani kichwani, dirisha la nyuma yake kijivu. Akapunga mkono, akasema hujambo zote alizonazo. Bibi akaisogeza simu karibu mpaka yule mama alikuwa haoni ila pua.

"Saada. Muulize siku ile kwa nini alikutoa usile."

"Bibi, mambo ya zamani yale."

"Muulize."

Nikamuuliza. Kwa Kiholanzi, haraka haraka, nikitazama zulia.  Mama Sanne akaishusha miwani machoni, kama ili anione vizuri.

"Siku ile?" akasema. "Saada, mimi nilidhani mama yako anakungoja. Nilidhani kakupikia, chakula kiko mezani. Nikikulisha mimi, unafika kwenu umeshiba na yeye kapika bure. Mimi mtu akinifanyia vile kwa Sanne ningeumia. Hakukupikia?"

Miaka yote ile kisa hiki nimekisimulia kwa kila mtu, na kila mtu kacheka, na hata siku moja sikukaa nikafikiri mama Sanne naye alikuwa na upande wake. Nilikaa na simu mkononi kama mjinga.

"Kasemaje?" Bibi akauliza. "Mbona umegeuka bubu leo?"

Nikamfasiria.  Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe alikuwa anakichunga chungu cha mwenziwe," akasema. Halafu kwa upole, "Na mama yako siku ile alikuwa kapika?"

"Alikuwa kazini, Bibi. Nilikula mkate na siagi ya karanga."

"Basi hilo usimwambie. Ataona vibaya. Mwambie alikuwa kapika."

Nikamwambia mama Sanne mama alikuwa kapika. Huo ndio uongo pekee Bibi alionituma, na nausema tena hapa kwa sababu najua mama Sanne hasomi Kiswahili.

"Sasa muulize," Bibi akaendelea, "mjukuu wangu akija kwake, atakula nini?"

Nilipomaliza kuuliza, mama Sanne aliweka simu juu ya meza, tukaiona dari yao, tukasikia kabati linafunguliwa, vifuniko vinaanguka, mtu anasema neno baya la Kiholanzi ambalo sikulifasiri. Akarudi na sufuria. Mpya, inang'aa, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni.

"Hii ya Thuraya," akasema. "Na kisu chake, na ubao wake. Hakijaingia kitu. Nilisoma kuwa hatakula kwenye chombo kilichoguswa na nguruwe, ndiyo nikanunua. Mume wangu alitaka kuchemshia mayai, nikamfukuza."

Bibi akaichukua simu kwa mikono miwili. "Kainunua lini?"

"Kabla hamjaondoka. Tangu waliposema msichana atakuja," mama Sanne akajibu.

"Lakini mie sijasema atakuja."

Nikafasiri. Mama Sanne akacheka, akasema kama hakuja, basi sufuria itakaa kabatini na karatasi yake mpaka aje mwengine. Na akasema, Jumatano yake ya mwanzo atampikia samaki, kwa sababu Jumatano muuza samaki anakuja sokoni kwao.

"Mwambie aseme inshallah!" Bibi akapiga kelele. "Anapanga samaki wa mwezi wa tano kama kamzaa yeye!"

Mama Sanne akasema inshallah, kwa shida, kama mtu aliye na mbatata moto mdomoni. Nyumba nzima ikaitikia.

Bibi akarudisha simu. Akajifuta mikono kwa ncha ya kanga, ingawa ilishakauka zamani. "Watu wanaomnunulia sufuria mgeni asiyepewa hata ruhusa ya kupanda ndege," akasema, "hao si wachoyo. Wana kichaa kidogo, lakini si wachoyo." Halafu, bila kumtazama, "Thuraya. Huko mwezi wa tano kuna baridi?"

"Kidogo, Bibi," Thuraya akasema. 

"Kesho tukakutafutie sweta."

Bi Salma ndiye aliyepiga kigelegele. Thuraya aliniangukia mie, akamwangukia Sanne, akamwangukia Bibi na akapigwa kofi la mapenzi la kuambiwa atamwaga chai. Sanne, ambaye hakuelewa hata neno, akauliza kama sasa anaruhusiwa kunyanyuka. Nikamwambia bado, kuna katlesi.

Siku ya kuondoka Bibi alinikabidhi mikebe miwili ya halwa, mmoja wa mama yangu, mmoja wa mama Sanne, na mfuko wa mbatata zilizobaki. "Zirudi kwao," akasema. Mbatata nilizikataa, forodhani wangenicheka. Mlangoni mwa uwanja wa ndege Thuraya akanivuta sikio. "Nyamaza mpaka mwezi wa tano," akasema. "Usimsimulie Bibi kitu chochote tena kwenye simu." Nikaapa. Mnajua kiapo changu.

Kwenye ndege Sanne akatoa kisanduku chake. Akakifungua, akanitazama, akakisogeza kwangu. "Karibu," akasema, kwa Kiswahili cha Azaiba. Mkate wenyewe ulikuwa mbaya. Nilikula wote. Huko juu nikawa nafikiri, nyinyi wa Jang'ombe mkiniuliza nimejifunza nini safari nzima, ntakujibuni nini. Basi jibu lenyewe hili: mie kwa kucheka ni bingwa, lakini kuuliza "kwa nini" nimefundishwa na bibi mmoja mfupi wa Azaiba, na ningemuuliza mama Sanne mapema ningepunguza kisa kimoja na kupata rafiki mmoja.

Rotterdam mvua ilikuwa inanyesha pale pale tulipoiacha. Siku chache baadaye nikapeleka mkebe wa halwa kwa kina Sanne. Mama Sanne akaionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akaufunga mkebe, halafu akaufungua tena. Tukakaa tunazungumza Maskati, mpaka harufu ya vitunguu ikaanza kutoka jikoni, na yeye akanyanyuka, akasimama pale pale mlangoni.

"Saada," akasema, "sasa sisi tunakula."

Miguu yangu ikanyanyuka. Mkono ulishafika kwenye koti.

Mama Sanne alikuwa bado amesimama. Ananitazama. "Leo mama yako kakupikia?" akauliza.

"Yuko kazini," nikasema.

Akageuka akaingia jikoni. Nikasikia kabati linafunguka, na sahani moja inatolewa.

Nikenda kunawa mikono.